Kadi Iliyo Chini ya Riwaya

Jumatatu, 3 Juni

Maboksi mapya yamefika. Nimeyabeba mimi, nimeyafungua mimi, na vitabu vilivyomo nitavihukumu mimi. Jaji wa duka zima! Elimu yangu kidato cha pili na nusu — hiyo nusu niliimalizia nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mwenye duka, Mama Duka, ananiita Profesa. Anadhani ananitania.

Sheria yake ni ileile: sisi wa dukani tunasoma majeruhi tu, yaani nakala zilizokuja zimechanika au zimepinda, ambazo haziuziki. Ukimaliza, unaandika maoni kwenye kadi, unaibandika rafuni chini ya kitabu. Penseli inaning'inia kwa uzi. Mteja akitaka kubisha, abishe papo hapo.

Zamani wa kubisha alikuwepo. Miwani, jina nililompa kwa miwani yake. Nikiandika mstari mmoja, yeye mitatu. Tangu aende kusomea ukutubi upande wa pili wa mji, kadi zangu zinakaa na mwandiko mmoja tu. Kama mtu anayecheza karata peke yake na bado anaibia.

Jumatano, 5 Juni

Kadi mbili leo.

Kumbukumbu za mkurugenzi mstaafu: "Kurasa mia nne za kujisifu. Kujisifu ni fani yangu, na huyu hajui. Anayejisifu vizuri huacha mwanya watu wabishe."

Kitabu cha tiba ya kukosa usingizi: "Kinafanya kazi. Nililala sura ya kwanza, nikiwa nimesimama."

Mama Duka kacheka mpaka kashika kaunta. Eti nitamfilisi! Mchana vyote viwili vimeisha. Watu wananunua ugomvi.

Miwani asingecheka. Angekunja pua, kisha angeandika: "Na wewe umeacha mwanya gani?"

Namba yake ninayo. Naandika meseji, nafuta. Niseme nini — "mambo"? Kwenye kadi angalau nasema kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Riwaya ya yule mwandishi ambaye Miwani alikuwa akimtetea kama mama yake mzazi! Inaitwa Ngazi ya Nyuma. Majeruhi alikuwa mmoja, jalada limekunjika. Nikamnyakua.

Nimeisoma nyumbani, cherehani ya shangazi ikinguruma kando yangu. Dada mmoja, kaka yake kaondoka kwa hasira. Kila siku dada anauacha mlango wa nyuma bila komeo. Majirani wanamcheka. Yeye kimya. Mimi huyu, ninayesinzia kwenye vitabu, nimesahau chakula. Nikafika mwisho: "Akasikia hatua ngazini, akasimama, aka"

Basi! Jalada! Eti mtindo wa kisasa, sentensi inaachwa hewani.

Nimeandika kwa herufi kubwa: "Lugha tamu. Watu wako hai, na huyo dada ningemwoa. Lakini mwandishi kakimbia mwisho wake. Katupandisha ngazi, kisha kaiondoa. Huo si usanii, ni uvivu uliovaa suti."

Herufi kubwa makusudi. Kama kuna jambo litakalomtoa Miwani huko chuoni, ni hili.

Shangazi kaniuliza namgombeza nani. Nikasema mwandishi. "Mwandishi gani huyo anayekufanya uchane nywele mara mbili?" Nikaficha kitana. "Kikohozi hakifichiki, mwanangu," akasema, akaendelea kushona.

Jumanne, 11 Juni

Nimetumwa kupeleka vitabu shuleni. Narudi — chini ya kadi yangu, mwandiko wake! Zile herufi zinazolala kama zimechoka kusimama. "Umefika mwisho, wewe?"

Ndiyo hayo tu.

Mama Duka anasema kapita, kasimama pale, kacheka peke yake, kaondoka.

— Hakuniulizia?

— Aliuliza kama bado unalala juu ya maboksi. Nikamwambia ndiyo kazi uliyoajiriwa.

Kila siku niko humu! Siku moja tu natoka, ndiyo hiyo!

Na aniulize yeye habari za mwisho! Yeye anayeanza kila kitabu kwa ukurasa wa mwisho, kama mtu anayeingia kwao kwa dirisha. Nilimtania sana kwa hilo. Sasa natamani kumtania tena, hata kwa jambo jingine lolote.

Nimeinusa ile kadi. Inanuka gundi.

Alhamisi, 13 Juni

Aibu gani hii!

Mwandishi anakuja Jumamosi kusoma mbele ya wateja, kwa hiyo limeletwa boksi jingine. Nashika nakala nzima — mbona nene? Nikatafuta ile "aka" yangu. Iko chini kabisa ya ukurasa. Na baada yake kuna kurasa. Fungu zima! Majeruhi wangu hakushonewa fungu la mwisho la kurasa. Nimemtukana mwandishi kwa kosa la mshona vitabu, na wiki nzima wateja wanatikisa vichwa, "kweli kabisa, kweli kabisa."

Nikaifunga haraka. Sijasoma hata neno moja la mbele. Nikisoma, nitakuwa na jibu. Na nikiwa na jibu, Miwani aje kufanya nini?

Ijumaa, 14 Juni

Mama Duka kasema bandua ile kadi.

— Mgeni wangu aje asome kwamba ni mvivu, kwenye rafu yangu mwenyewe?

Nikamwambia kesho asubuhi, nikishapiga deki.

Siwezi. Mwandiko wa Miwani ukiwa pale rafuni, bado tunaongea. Ukiwa mfukoni mwangu, ni karatasi tu.

Nimeongeza mstari wa tatu. Herufi ndogo. "Sijafika. Yangu ilikatika. Njoo unisimulie."

Jumamosi, 15 Juni

Naandika stoo, nyuma ya maboksi. Nimekimbilia huku.

Sikubandua. Mwandishi — mama mfupi, raba miguuni — kaingia na kwenda moja kwa moja kwenye ile rafu. Akasoma. Nikatamani ardhi ipasuke. Akaangua kicheko.

— Mvivu mwenzangu ni nani hapa?

Vidole vyote kwangu! Nikamwamkia, nikamweleza habari ya majeruhi na fungu lililokosekana. Akanihurumia.

— Maskini mwanangu! Basi sikiliza, akasimama, aka—

Nikaziba masikio. Mbele ya watu wote!

— Samahani mama, usiniambie. Kuna mtu namsubiri anisimulie.

Duka zima likaguna. Mwandishi akairudia kadi, mstari wa pili, wa tatu, polepole. Akashika penseli. Akaiachia ining'inie.

— Hapa mimi sina la kuongeza.

Sasa anasoma huko mbele, sauti yake naisikia. Mama Duka kachungulia hivi punde, ananong'ona: Profesa, kuna mtu anamuulizia mwenye mstari wa tatu.

— Ana miwani?

— Mimi karani wako? Toka uone.

Shati limejaa vumbi la maboksi. Nimejipangusa mbele. Bado mgongo. Mtu hawezi kutoka na mgongo mchafu.

Najipangusa mbele tena.