Kocha Wanayemtaka ni Safari

Jumamosi, Mbulu

Safari, Safari, Safari! Katika kikao kizima cha kamati ya michezo leo hapakuwa na jina lingine. Chuo kinatafuta kocha mkuu wa timu ya mpira, na wajumbe wakaanza kubishana kuhusu makocha waliopita. Yule aliyetoka Katesh alikuwa mkali mno. Aliyemfuata alipanga vijana wa kijijini kwao, Daudi, tu. Kati yao, Safari ndiye asiye na doa.

Mimi nimekuwa msaidizi wa wote watatu. Nilikaa palepale nikinywa chai, na hakuna aliyenitazama.

Halafu mkuu wa chuo akaniambia, "Mwalimu, wewe unaelewana naye. Mpigie, mwombe arudi."

Nikatoka nje kwenye baridi, nikapiga. Nilitamani asipokee.

"Shikamoo, kaka," akasema, kwa sauti ileile ya upole inayofanya watu wampende. Hata hiyo iliniudhi.

Nikamweleza. Akacheka kidogo. "Mimi sirudi, kaka. Waambie nimesema wakupe wewe."

Nikaingia, nikawaambia hivyohivyo. Kisha mkuu akasema, "Kama Safari amesema, basi sawa." Wakapiga makofi.

Kwa hiyo Jumatatu naanza kazi niliyoitamani miaka yote. Mke wangu amepika kuku, ana furaha kweli. Nimekula, nimetabasamu, lakini moyoni...

Hata siku waliyonichagua mimi, waliyemsikiliza ni Safari.