Byamungu Amekubali Nikusimulie

Garland, Texas
Jumamosi asubuhi

Yaya Riziki, dada yangu mpendwa,

Leo nina furaha mpaka mwandiko unanikimbia, nivumilie. Huko Uvira mko wazima? Mguu wa Mama umepona, au bado anachechemea huku akisema hauumi? Na wale mnaowasikiliza pale kituo cha afya, waliorudi kutoka msituni kwa wapiganaji na waliopoteza watu wao, bado wanakuja? Nakuwaza jioni unaporudi nyumbani na masikitiko ya watu wote hao kichwani, halafu unaanza kuwasha moto upike.

Sisi tuko salama. Shemeji yako Yosefu bado yuko kwenye lile ghala karibu na uwanja wa ndege, mimi naendelea kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kizungu. Binti yetu Grâce ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ila akiona sombe yetu ya majani ya muhogo mezani Kiswahili chote kinamrudia.

Sasa habari ya mdogo wetu Byamungu. Kila ukipiga simu unaniuliza ilikuwaje mwaka jana, nami nakujibu kwa mkato kwa sababu yeye yuko pembeni, na sikutaka kumsema mbele yake. Juzi mwenyewe aliniambia, "Mwandikie Yaya Riziki yote. Inaweza kumsaidia kazini." Basi nakuandikia.

Unajua tangu tulipomzika Zawadi njiani, tukikimbia vita, Byamungu hakuwahi kulitaja jina la mkewe. Kambini Kigoma alikuwa mtu wa mizaha, na tulipofika huku akapata kazi ya kiwanda cha madirisha, tukadhani yamepita. Mwaka jana akaanza kupungua. Aliacha kwaya. Akija kwetu anakaa na koti lake kama mtu anayesubiri gari. Tukimuuliza anasema ni uchovu, na huku kila mtu amechoka, kwa hiyo tukamwamini.

Halafu Jumamosi moja mchana alikuja amenyoa, ametulia, uso umepoa. Nikafurahi. Akampa Grâce saa yake ya mkononi. Akampa Yosefu redio. Akaniomba msamaha kwa ugomvi wetu wa zamani kule kambini, ugomvi ambao hata mimi nilikuwa nimeusahau. Hapo nikaacha kufurahi, Yaya. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitufundisha sisi wanawake kule nyumbani wakati wa vita: mtu akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usizunguke, muulize kwa jina la jambo lenyewe, kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Nikamtuma Grâce kwa jirani. Nikakaa mbele ya Byamungu pale mezani jikoni.

"Byamungu, unafikiria kujiua?"

Alivua koti lake, akalikunja taratibu. Nilitamani nizungumze mimi, nikajizuia.

"Ndiyo, Yaya Safi," akasema. "Nilikuja kuwaaga."

Sikumfokea, wala sikumtajia dhambi. Nilimshika mikono nikamwambia asante kwa kuniambia, na kwamba leo hatabaki peke yake. Ndipo nilipompigia Dada Halima aje, kisha nikakupigia wewe. Wewe ulisikia nikilia, kisha nikampa simu, na baada ya hapo laini ikakatika, ukabaki huko na hofu yako. Nisamehe, kadi ilikuwa imeisha. Amenieleza baadaye kwamba ulimuuliza yuko na nani, kisha ukamwambia alie tu, wewe upo. Anasema alikusikia unavyopumua, na hiyo ilimtosha mpaka Dada Halima akafika.

Halima ni yule nesi Mtanzania wa Irving niliyekutajia, mwenyeji wa Tanga. Alikuja na sare yake ya kazi, akamsalimu Byamungu kama anayemsalimu kaka yake, akasema, "Huu ni ugonjwa, kaka yangu, na una dawa. Twende leo, tusingoje kesho." Tukaenda watatu. Yosefu alibaki akiondoa kwenye chumba cha Byamungu kila kitu ambacho kingeweza kumdhuru, kisha akahamishia godoro lake kwetu.

Sasa nikuchekeshe. Hospitalini daktari alitafuta mkalimani kwa simu, akapatikana mama mmoja wa Kenya mwenye sauti nzito kama ya jaji. Akamuuliza Byamungu, "Je, huwa unasikia sauti?" Byamungu akajibu ndiyo, kila siku. Daktari akaacha kuandika. Mkalimani akauliza ni sauti ya nani, inasema nini. Byamungu akasema ni ya jirani wa ghorofa ya juu, anaimba akioga, na anaimba vibaya. Yule mama wa Kenya alicheka mpaka akashindwa kutafsiri, Halima ikabidi amalizie. Daktari naye akacheka, na mdogo wetu, Yaya, akatabasamu. Nilitoka nje nikalia kwenye korido.

Walimlaza siku kadhaa, wakampa dawa, na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Alipotoka akaja kuishi kwetu. Sikudanganyi kwamba alipona mara moja. Kulikuwa na asubuhi alizokataa kuamka, na Yosefu alikuwa anaingia, anakaa sakafuni kimya, anakunywa chai yake humo humo. Pole pole jina la Zawadi likaanza kutajwa ndani ya nyumba. Siku moja akamsimulia Grâce jinsi Zawadi alivyokuwa anaogopa kuku. Tulicheka, naye akalia, ila kilio hicho kilikuwa kingine.

Papa Elia, mzee wetu wa kanisa, hakupendezwa. Alisema mambo ya kwenda kueleza huzuni kwa watu ni ya Wazungu, sisi tuna maombi. Byamungu hakubishana. Alianza tu kuwakusanya wanaume Jumamosi kwenye uwanja wa mpira. Wakongomani wa Garland wanacheza na Watanzania wa Irving, tunafungwa karibu kila mara, kisha wanakaa kwenye nyasi wanakula bugali na ndagala nilizopika, ambazo Watanzania wanaziita dagaa, na kila mmoja anasema wiki yake ilikuwaje kweli kweli. Hakuna anayelazimishwa.

Mwezi uliopita Papa Elia akaja. Alisema amepita tu. Akala, na watu walipoanza kuondoka akabaki. Byamungu alikaa naye, na baadaye akaniambia mzee alimtaja kwa mara ya kwanza mwanawe aliyechukuliwa na wapiganaji. Jumapili iliyofuata Papa Elia alisimama kanisani akasema, "Niliwaambia muombe tu. Ombeni, lakini mtafuteni na mtu wa kuwasikiliza. Mimi nimempata." Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga kuliko wote.

Na sasa furaha yenyewe. Byamungu ameapa kiapo cha uraia wa huku, amepata pasi ya kusafiria, na mwisho wa mwaka anakuja Uvira! Anataka kukaa nawe pale kituo cha afya na wale vijana waliotoka msituni, wasiotaka kuongea na mtu. Daktari wake amekubali, na dawa zake atabeba za kutosha. Nilimuuliza atawaambia nini.

"Kwamba sikutaka kufa," akasema. "Nilitaka maumivu yaishe. Yamepungua, Yaya, na mimi nipo."

Muandalie kitanda kirefu, amenenepa.

Nisalimie Mama, mwambie aufuate ushauri wa daktari kuhusu mguu. Nisalimie shemeji yangu mumeo, baba mdogo fundi cherehani, shangazi anayeuza mawese sokoni, na wale wanawake wenzako wa kusikiliza. Wabusu mikono yao, kazi yao imefika mpaka Texas. Watoto wote nimewakumbatia.

Ningeandika zaidi, lakini Yosefu ameshawasha gari na Byamungu ananipigia honi kama mwehu. Leo yeye ndiye golikipa. Tutafungwa vibaya sana, na sina haja ya kushinda.

Mdogo wako akupendaye,
Safi