Mpanda wa Pili

12 Aprili

Kwa dada yangu mpenzi,

Hujambo, na hiyo milima yako haijambo? Huku tu wazima. Kifua cha Baba kimetulia. Anakusalimu na anaomba ukiandika uandike kwa herufi kubwa, maana kioo kimoja cha miwani kimepasuka na hataki kusomewa na mimi.

Dada, nimemaliza shule. Vitabu nimerudisha, sare nimempa binti wa jirani. Sasa niko karakana na Baba kutwa nzima, naziba pancha na kukaza spoki. Wateja wakija najificha nyuma ya matairi, unanijua, mbele ya watu sauti yangu hubaki tumboni.

Lakini siandiki kwa ajili hiyo. Siku ile unaondoka, umesimama mlangoni na begi begani, uliniambia, "Maliza shule, nitakuita milimani uje uwe mpanda baiskeli wangu wa pili." Nimemaliza. Niambie tu nije lini.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Hongera sana. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi na ninacheka kwa tahadhari. Baba mwambie hizi ndizo herufi kubwa nilizo nazo.

Theluji imeyeyuka kwenye njia za chini na kazi imeanza. Laiti ungeziona. Ni changarawe tupu, magari hayaruhusiwi. Mwanzoni kuna geti la chuma, na ukishalipita husikii tena injini, unasikia tairi zako zikitafuna kokoto na ng'ombe wakitafuna majani. Juzi tulipanda kutoka msitu wa misonobari hadi malisho ya juu kabisa. Tulipita ndani ya handaki la reli ya zamani, giza, maji yakitudondokea shingoni, na tulipotokea upande wa pili bonde zima lilikuwa chini ya miguu yetu.

Nasema "tulipanda" kwa sababu mpanda wa pili nimeshampata. Usinune. Ni msichana wa huku huku, tunamwita Kengele kwa vile mdomo wake haupumziki. Kazi yenyewe, kupima kwa baiskeli ugumu wa njia kabla ofisi haijazifungulia wageni, inataka watu wawili. Kila mmoja anaipa njia alama yake kimya kimya: moja ni laini hata kwa mtoto, tano ni ya kuvunja meno. Tukifika getini tunaonyeshana. Alama zikitofautiana, tunarudi kuipanda upya. Kengele hunirudisha karibu kila siku. Ananichosha, lakini kucheka tunacheka.

Baiskeli ya ofisi inamwelemea. Mwombe Baba amuundie moja nyepesi, ofisi itagharamia. Vipimo vyake viko nyuma ya karatasi hii.

Dada yako

10 Mei

Dada,

Salamu. Sisi wazima. Sijanuna.

Nimenuna kidogo. Huyo Kengele analala wapi? Chumba kimoja na wewe? Kitanda cha dirishani ni chake? Na mnacheka nini hasa, kwa sababu njia ya kokoto haina kichekesho ninachokiona mimi.

Baba alisoma vipimo akasema, "Huyu ana miguu mifupi kama bata." Nilicheka kuliko neno lenyewe lilivyostahili, mpaka Baba akanitazama juu ya miwani. Halafu akanisogezea fremu, akasema, "Haya, iunde wewe, yote."

Nisikufiche, nilitaka kuiunda vibaya. Nilikaa nayo nikifikiria kiti cha kuchoma na mnyororo wa kupiga kelele njia nzima. Mikono ikakataa. Gurudumu likizunguka bila kuyumba mimi napata raha, hata likiwa la adui. Kwa hiyo imetoka nzuri. Breki nimezifunga kama tunavyofunga zote hapa, nimezijaribu kwenye mteremko wa sokoni, zinakamata barabara. Kesho inapanda lori.

Mwambie nimeiunda mimi. Usiseme Baba.

Mdogo wako wa damu

28 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini kununa kumepungua. Afya yangu njema, jua limenibabua pua.

Baiskeli imefika salama. Kabla sijamkabidhi mwenyewe niliipanda mimi hadi geti la kwanza, na nusura nilie. Kila kitu kilikaa mahali pake, kama vile nimetoka tu nje ya karakana yetu naenda kununua sabuni. Mkono wa Baba niliujua pale pale.

Kengele alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Amenifumia glavu. Kidole gumba kimoja kirefu kuliko mwenzake, lakini zina joto. Hatulali chumba kimoja, ukuta tu ndio unatutenga, na bado anaongea na mimi kupitia ukuta.

Dada yako

4 Juni

Dada,

Hamjambo. Sijambo.

Haukuwa mkono wa Baba. Ulikuwa wangu, kila spoki.

Furahia glavu.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa ukimya, na nisamehe leo siulizi hali kwanza. Kengele ameanguka.

Tulikuwa tunashuka kutoka malisho ya juu. Siku zote hubana breki zote mbili pamoja, lakini kwenye kona moja changarawe ilikuwa imelegea, akabana ya mkono wa kulia peke yake ili azuie gurudumu la nyuma, kama watu wote wa huku wanavyobana. Kwenye baiskeli zetu mkono wa kulia ni wa gurudumu la mbele. Likagoma ghafla, naye akaruka juu ya usukani. Mtulinga umevunjika, ule mfupa wa begani.

Unajua Baba alianza kufunga hivyo tangu mkono wake wa kushoto ulipopoteza nguvu. Mtaa mzima ukamzoea, na sisi tukakua tukidhani dunia nzima ndivyo ilivyo. Nilipofika huku ilinichukua mwezi kujifunza upande wa pili. Halafu nikapanda baiskeli uliyoiunda, mwili wangu ukarudi nyumbani, na sikukumbuka kumwonya. Wewe ulifunga ulivyofundishwa. Kosa ni langu.

Sasa ofisi inataka mpanda wa pili kabla njia za juu hazijafunguliwa kwa wageni. Njoo. Nafasi ni yako.

Dada yako

24 Juni

Dada yangu,

Pole, na mpe pole mgonjwa. Baba amesikitika sana. Hajashika chombo tangu asubuhi, anatazama tu baiskeli za wateja na breki zake.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye neno "njoo" nilifurahi mno. Baadaye ndipo nikasikitikia mfupa. Ilikwenda kwa mpangilio huo, furaha kwanza, na sikujipenda.

Begi nimelivuta kutoka uvunguni. Lakini kuna kitu nataka kukijua. Kama asingeanguka, ungeniita? Usiniambie la kunibembeleza.

Mdogo wako

29 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kengele ameanza kukaa kitandani, na mdomo haukuvunjika.

Umeuliza, nakujibu. Hapana, nisingekuita.

Nilipokuahidi pale mlangoni nilimaanisha. Nilikuwa sijaijua kazi. Inataka mtu wa kusema nne ninaposema mbili, kwa sababu kuna mama atakayeiamini alama yetu na kumpandisha mtoto huko juu. Wewe hujawahi kunipinga. Tukiwa wadogo nikisema mvua itanyesha, unaanua nguo jua likiwaka. Niliogopa kwamba getini ungeutazama uso wangu kwanza ndipo uandike. Ningepaswa kukuambia mapema, nikaona haya, nikakuandikia habari za ng'ombe.

Lakini sasa mwingine sina, na ofisi inasema mgonjwa wataachana naye. Panda basi la Jumamosi. Tutazoeana na kazi polepole.

Dada yako

3 Julai

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na bado hujaenda kituoni kunisubiri. Sisi wazima.

Siji Jumamosi.

Nimelitazama neno hilo muda mrefu kabla ya kuendelea. Sijazoea kukuandikia hivi, kwa hiyo nivumilie. Wewe unasema kosa ni lako. Mimi nasema ni letu sote, pamoja na Baba. Wewe unasema nafasi ni yangu. Mimi nasema ni ya Kengele mpaka aiache kwa mdomo wake, ambao umesema ni mzima. Nenda ofisini uwaambie aliangushwa na baiskeli uliyomletea wewe, na njia za juu zisubiri bega lake lipone. Wakikasirika, wakasirike. Unasema tutazoeana polepole, na hapo ndipo nakupinga zaidi: yule mama na mtoto wake hawatatusubiri tuzoeane.

Usidhani nimekuwa mwema. Wivu uko pale pale. Jana nilifikiria kwamba sasa unamchana nywele kwa kuwa mkono wake umefungwa, nikaisukuma sahani pembeni. Kama humchani, niambie. Kama unamchana, nyamaza.

Baba aliniona natoa nguo begini akauliza kulikoni. Nilimweleza yote, kwa sauti inayosikika, na mteja amesimama pale pale. Alisogea upande mmoja wa benchi nipate pa kukaa, tukaendelea na kazi.

Mwaka ujao theluji ikiyeyuka nitakuja kujaribiwa kama mtu mwingine yeyote. Tupande njia moja sote watatu, kila mmoja na alama yake. Mimi nitatangulia mbele, nisiuone uso wako.

Mdogo wako