Hodi kwa Mama

Kilosa, Jumanne

Kumbe Mama hakuwa amenichoka.

Tangu nianze kuifanyia kazi kampuni ya Dar kwa kompyuta, humu humu chumbani, sijui mchana wala jioni. Mama ananiita kula, najibu "nakuja", ugali unapoa. Mgongo unauma, usingizi nao... Naogopa nitaugua kwa kukaa tu.

Leo jua likizama akaingia, akaifunga kompyuta kwa mkono wake. "Toka nje. Nenda hadi relini, halafu urudi kama watu wanavyorudi kutoka kazini."

Nilikasirika, nikadhani amenichoka. Mtu mzima mimi! Nikaenda nikinung'unika, lakini upepo wa relini ukanituliza. Niliporudi nikabisha mlango wa kwetu.

"Hodi! Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na kazi."

Alikuwa amejifunga khanga safi, maji ya kunawa ameshayaandaa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinimiminia maji mikononi, akasema taratibu, "Tangu baba yako afariki, sijampokea mtu jioni."

Kesho kompyuta nitaifunga mwenyewe, mapema. Kuna mtu ananisubiri nyumbani.