Msiba Aliotangaziwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. U mzima? Shemeji na watoto hawajambo? Na lile goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kuzibembeleza? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengine ndiyo yaliyonikalisha mezani kukuandikia, maana kwenye simu ningeangua kilio kabla sijaanza, nawe ungedhani mama ametutoka.

Mama yupo. Ila tangu jioni ile aliposema mjomba amefariki, hajavaa tena nguo ya rangi. Unakumbuka nilivyokusimulia. Jua lilikuwa limezama, saa ambayo stesheni za mbali huanza kuingia kwenye redio yake ya zamani, moja ikiikanyaga nyingine. Mimi nilisikia mvumo tu na watu wawili wakisema kwa pamoja. Yeye alizima jiko, akaketi sakafuni. Alisema stesheni ya kwao alikozaliwa imetangaza kifo cha mdogo wake.

Sikumwamini, kaka, na wewe hukumwamini. Mjomba mwenyewe hatujapata hata kumwona. Daktari naye aliniambia masikio yakichoka hujitungia maneno. Basi kila aliyekuja kumpa mama pole nilimvuta kando, nikamnong'oneza asiyatie maanani sana. Baadaye mama aliniambia masikio yake hayo mabovu yalikuwa yananisikia vizuri.

Aliyemwamini ni jirani wa ghorofa ya juu, yule tunayemwita Antena kwa waya alizozitandaza kibarazani mpaka nguo zetu zinakosa pa kuanikwa. Burudani yake ni kunasa stesheni za mbali. Akitaka kuwa na hakika kwamba aliyoinasa ndiyo yenyewe, huingia kwenye mtandao wa stesheni hiyo, ambako vipindi vilivyopita huhifadhiwa, akalinganisha neno kwa neno. Aliniuliza kama kuna chochote kilichorekodiwa jioni ile. Nikamjibu hakuna. Halafu nikaukumbuka ule ujumbe wa sauti niliokutumia, nikilalamika kwamba mama kaifungulia redio mpaka kichwa kinaniuma.

Tukakaa sebuleni na mama. Antena aliucheza ujumbe wangu kwenye simu yangu, akatafuta matangazo ya vifo ya jioni ile kwenye simu yake. Chini ya manung'uniko yangu, mbali kabisa, mtangazaji alikohoa, akaomba radhi, karatasi ikachakarika. Kwenye kumbukumbu ya stesheni alikohoa vilevile, safi kana kwamba yumo chumbani, akaomba radhi kwa maneno yaleyale, karatasi ikachakarika. Antena alivua miwani. Akasema, "Mama, ulisikia sawasawa. Pole sana."

Nami nilitamani ardhi inimeze.

Tangazo likaendelea. Lilimtaja marehemu, fundi seremala, aliyejulikana mtaani kwa jina la Nyundo Moja. Jina hilo la utani mama ndiye aliyempa walipokuwa wadogo. Kisha mtangazaji akasema amemfuata dada yake wa pekee, aliyetangulia mbele ya haki zamani. Akamtaja dada huyo. Kaka, lilikuwa jina la mama, kamili, pamoja na la babu.

Nilinyoosha mkono nizime. Mama akaushika. "Acha," akasema. "Hata hilo nililisikia."

Nilimuuliza kwa nini alituficha. Akasema angetuambia redio imemwita marehemu, tungemfunga kamba siku ileile. Akacheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kilio.

Ndipo alipotueleza. Alipoondoka kwao kumfuata baba, babu aliapa kwamba binti yake ahesabiwe amekufa. Mama aliyachukulia kuwa maneno ya hasira. Mjomba alikuwa bado mtoto. Kumbe yeye aliambiwa kweli dada yake amekufa, akaamini hivyo mpaka anaingia kaburini. Salamu alizozituma mama bila shaka ziliishia kwa babu. Mama alipoona kimya, akasema mdogo wake ana roho ngumu, akaapa hatamtafuta tena. Ndiyo maana sisi tulikua bila mjomba.

"Mwanangu," akaniambia, "miaka yote nimemnunia mtu aliyekuwa ananililia."

Nilimshika miguu tu.

Sasa, wewe uko karibu na huko kuliko sisi. Antena amewapigia watu wa stesheni, nao wametuelekeza nyumba ya mjomba. Maelekezo nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Mama hataki tuwapigie wafiwa. Anasema sauti ya marehemu kwenye simu itaua mtu wa pili. Anakuomba uende mwenyewe, na ukifika usianze kwa kusema yeye yu hai. Keti kwanza, uwape pole, uwasikilize wakimsimulia mjomba mpaka watosheke. Msiba ni wa mjomba, asema mama. Habari za aliye hai zitangoja.

Shemeji na watoto wasalimie sana. Mama anakuombea safari njema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba