Nimefunga Grupu ya Maziwa

Bulla Pesa, Isiolo

Baba Guyo,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe kwanza, halafu namsalimu Akko, mama yetu, pamoja na magoti yake. Ile dawa ya kuchua ilimfikia, au dereva aliisahau tena chini ya kiti? Namsalimu Guyo, maana najua ndiye anakusomea, na mke wake Kame na lile tumbo lake. Mwambieni asiende maji mbali, punda yuko. Namsalimu Jattani mdogo na meno yake mapya. Nasalimu jirani, nasalimu mbuzi, nasalimu ngamia. Ngamia ni wazima? Hapo usijibu kwanza. Nitarudi kwa swali hilo.

Sisi huku tuko, tunashukuru Mungu. Binti yetu Talaso anasoma vizuri, isipokuwa hesabu inamsumbua, na mimi niliachia darasa la tatu, sina la kumsaidia. Mvua bado. Tunakula vumbi.

Guyo mwanangu, kuanzia hapa soma polepole, usiruke. Kama kuna wageni bomani, ngoja watoke. Ndiyo maana nimeandika karatasi. Ningempigia yule kijana wa ndugu yako akiwa pale kilimani kwenye network, lakini anaweka simu kwa spika, na kabla ya jioni Merti yote inajua nimesema nini.

Baba Guyo, unajua sisi wanawake wa maziwa ya ngamia tuna grupu ya simu. Wengi hawajui kusoma, kwa hivyo hatuandiki, tunatuma sauti. Lori ya huko kwenu Biliqo ikifika nafungua kila mtungi, nanusa, halafu nasema: maziwa ya Biliqo yamefika, ni matamu. Mwingine anasema ya Garbatulla yamechelewa, gari limepasuka tairi. Wanunuzi wa Nairobi wanasikia wanajipanga. Grupu hiyo Talaso aliifungua kwa simu yangu, akaniambia, "Mama, wewe ndiye admin." Nikadhani admin ni mtu wa kukaribisha wageni. Basi nikawa nakaribisha, kila anayeingia namwombea dua. Usicheke.

Sasa sikia. Jumanne chifu alituita ukumbini. Kulikuwa na afisa kijana kutoka Nairobi, mpole, ana miwani. Akasema serikali inafikiria sheria ya hizi simu. Kwamba lile duka lililo ndani ya simu, pale watoto wanapotoa michezo na mambo mengine, liwe linauliza umri kabla ya kumpa mtu kitu. Na kwamba grupu yenye watu wengi, admin aandikishwe na kitambulisho chake, na uongo ukipita hapo aulizwe yeye. Alisema si sheria bado, wamekuja kuchukua maoni.

Mama Kendi, yule Mmeru mwenye duka mbele ya ploti yetu, alisimama hata kabla ya kuitwa. "Mimi nasema fungeni! Kijana wangu ametoa kamari huko ndani. Nikimuuzia mtoto sigara, chifu anafunga duka langu. Hiyo duka ya simu nani ataifunga?" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, nikimfikiria Talaso anavyolala na simu chini ya mto.

Akasimama kijana wa bodaboda. "Mathe, mkifunga, customer atanipata aje? Na leo mnafunga uongo, kesho mnamfunga mtu amesema barabara ni mbovu. Nani ataamua gani ni uongo?" Watu wale wale wakapiga makofi. Mimi pia. Utasema sina msimamo, lakini wote wawili niliona wana haki.

Ndipo Mzee Halake wa soko la mbuzi akainuka na fimbo yake. "Ngamia wangu wakiingia shamba la mtu, mimi nalipa. Sisemi ngamia ni mkubwa, ana akili yake. Mwenye grupu naye alipe." Ukumbi wote ukanigeukia. Nikasimama. Nikasema, "Mzee, ngamia namfunga kamba mguuni. Mdomo wa Mama Sadia nitaufunga na kamba gani?" Walicheka mpaka afisa akavua miwani akapangusa macho. Mama Sadia mwenyewe alinipiga bega, "Lete hiyo kamba tuone!"

Mama Sadia ndiye muuzaji wa maziwa ya Garbatulla. Yake yakipungua, ananunua kwangu.

Alhamisi akatuma sauti kwa grupu. Nakuandikia vile alivyosema: "Wamama, mtoto wangu ana homa, hataki kula. Alikunywa maziwa ya Biliqo. Na kuna mtu ametoka huko, anasema ngamia wanakohoa. Msinunue kwanza." Halafu mnunuzi wa Nairobi akauliza, "Mama Guyo, ni kweli?"

Talaso akaniambia, "Mama, bonyeza hapa, inafutika kwa watu wote." Kidole changu kilikuwa juu yake, Baba Guyo. Nikaona: nikifuta, watasema nimefuta kwa sababu ni ngamia wa mzee wangu, na watakuwa wamesema kweli. Nikiacha, na kumbe ni uongo, maziwa ya Biliqo yatamwagwa, si yetu peke yetu, ya kila mama anayeamka kukamua huko. Nikasikiliza ile sauti tena na tena nikitafuta wivu ndani yake. Sikuupata. Ilikuwa sauti ya mama ambaye hajalala.

Basi nikamwambia Talaso afunge grupu yote, asiongee mtu ila mimi. Na mimi pia sikuongea.

Asubuhi walikuwa mlangoni kwangu na mitungi mitupu. "Fungua, tujue lori iko wapi!" "Mama Guyo amekuwa serikali!" "Afadhali serikali, hiyo inauliza maoni kwanza. Huyu amefunga tu akalala!" Nilicheka pamoja nao, lakini yaliniingia. Ukumbini niliuliza kamba iko wapi. Nilipoipata niliwafunga wote, aliyesema na wale walikuwa wanataka tu kujua kama tairi limezibwa.

Maziwa yetu ya siku hiyo niliyachemsha yote nikauza kwa hoteli ya chai, na niliwaambia kwa nini nimechemsha. Nikaenda kumwona mtoto na sukari mkononi. Ameanza kunywa uji, alhamdulillahi. Mama Sadia alinifungulia mlango, uso hakunifungulia. Akasema, "Sikukuita mwongo. Nilisema watu wangoje. Ungekuwa wewe, ungenyamaza?" Nikamwachia sukari. Swali lake nimerudi nalo nyumbani.

Yule afisa anarudi wiki ijayo. Nitamwambia aniandikishe, siogopi kitambulisho changu. Na duka la watoto liulize umri, hilo halinisumbui. Lakini nitamuuliza: sheria yako itamuuliza admin, na admin aliyekaa Isiolo atamuuliza nani, kama jambo liko mahali hata simu haishiki? Mimi leo nakuuliza wewe.

Sisi watu wetu tukiulizwa, watoto wazima? Wazima. Mifugo? Wazima. Marehemu baba yangu aliulizwa hivyo akiwa amelala mkekani hawezi kuinua kichwa, akajibu salama. Ni adabu, na watoto wetu tumewafundisha hivyo. Lakini lile swali la ngamia nililokuuliza juu kabisa, Baba Guyo, safari hii usinijibu kama salamu. Wanakohoa? Yule mwekundu mzee, na ndama wake, wanakohoa? Nenda uwasikilize asubuhi kabla hawajatoka, kisha uniambie.

Kama hawakohoi, nitafungua grupu niseme kwa sauti yangu, na Mama Sadia nitambembeleza mpaka anielewe. Kama wanakohoa, usipakie hata mtungi mmoja, na nitafungua grupu niseme hilo pia kwa sauti hiyo hiyo. Najua Talaso anasoma kwa maziwa hayo. Nimeshalifikiria, usinikumbushe.

Nisalimieni shemeji yangu wa kisimani, na mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Guyo kusoma vizuri hivi, na yule shangazi anayetusaidia kukamua. Mwambieni Kame nimemwekea kitenge.

Barua hii inakuja na dereva wa lori, na ni yeye anarudi asubuhi itakayofuata. Tafadhali asiondoke hapo bila jibu lako. Asipobeba maziwa, abebe neno.

Ni mimi mwenzako, nangoja hapa barabarani lori inaposimama,

Mama Guyo