Nyimbo Ulizotunga Baada ya Kuzikwa

Mzee wangu Ramadhani,

Ni mimi Akello, mwanafunzi wako wa Kasubi. Sina uso wa kukutazama, na afadhali uko huko uliko, maana ungenitazama tu juu ya miwani yako nami ningeanza kulia kabla sijasema kitu. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea, wewe Mnubi wa Makindye na mimi binti wa polisi Mwacholi, watu wawili ambao tusingesikilizana kwa lugha nyingine. Nina habari zako mwenyewe ambazo huzijui. Tangu tukuzike umetunga nyimbo nne, na zote zinapigwa redioni.

Usicheke. Ngoja nieleze.

Baada ya arobaini yako nilichukua gitaa nikaenda Kabalagala kwa Kato, yule mwimbaji wetu wa muziki wa kantri anayevaa kofia pana hata akiwa ndani. Nilikuwa na wimbo wangu wa kwanza niliotunga peke yangu, bila wewe kukaa pembeni ukikuna kidevu. Nilimwimbia beti zote. Alisikiliza vizuri, hata akafumba macho kwenye kiitikio. Kisha akauliza, "Nyabo, dada yangu, hii ni ya Mzee?" Nikasema hapana, ni yangu. Akafungua macho. "Nzuri. Lakini watu wanataka Mzee. Nikisema pale mbele ni maneno ya Akello, wataniuliza Akello ni nani."

Na kosa ni lako kidogo, niruhusu niseme. Watunzi wengine wa mji huu wanauza wimbo na kupotea. Mwimbaji anapata jina na wao wanapata supu. Wewe ulikataa. Sharti lako lilikuwa moja tu, kwamba kabla ya kuimba atamke nani ametunga. "Mimi siko kivuli ya mutu," ulikuwa ukisema. Ukalishikilia sharti hilo miaka yote, mpaka bendi zote za Kabalagala zikazoea kusema "maneno ya Mzee Ramadhani," na watu wakapiga makofi kabla hata gitaa halijalia. Sasa jina lako ndilo linalouza, na langu mimi halijulikani hata na mwenye nyumba wangu, ananiita Mama Gitaa.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Kato na wimbo uleule. Nikamwambia Mzee aliniachia nyimbo kadhaa. Ilikuwa rahisi kuamini, kwa sababu kila mtu anajua hukuwahi kuandika kitu mahali popote, nyimbo zako zilikaa kichwani na mimi ulinifundisha kwa mdomo. Kato alivua kofia, nikakiona kipara chake kwa mara ya kwanza. "Banange, jamani," akasema, "Mzee bado anafanya kazi." Nikainamisha kichwa kama mfiwa anayepokea pole.

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya Mama Zainabu, mke wako. Na kweli kila nilipopata kitu nilipeleka Makindye, sikula peke yangu. Lakini ukweli mwingine ni kwamba Jumapili asubuhi, saa ile Kampala yote inaposikiliza kantri kana kwamba sote tumezaliwa kwenye ranchi, nilikuwa nasimama jikoni na kijiko mkononi nikisikia maneno yangu yakitoka redioni. Nilifurahi, Mzee. Mtangazaji akitaja jina lako nilikuwa nagonga sufuria kwa kijiko ili nisilisikie, kisha naimba pamoja na Kato.

Sasa nikuambie ule wimbo wa kwanza unahusu nini. Unamhusu mke wako. Unakumbuka siku tulizokuwa tunafanya mazoezi kwako Makindye, kisha wewe ukaenda Kabalagala, nami nikabaki hadi usiku nikimsaidia Mama Zainabu kuosha vyombo? Ukichelewa kurudi alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa vizuri, chai yako ameifunika. Ukiingia anasema, "Mimi nilikuwa natafuta sindano tu." Wewe ulikuwa unapita moja kwa moja hadi kwenye chai. Mimi niliona. Nikatunga wimbo wa mwanamke ambaye kila usiku anatafuta sindano karibu na mlango, anayecheka kidogo kabla ya kukasirika, na mume anayemwambia najua, najua ulikuwa unaningoja.

Aliusikia Jumapili ya kwanza ulipopigwa redioni. Alinipigia simu, akasema, "Akello, kumbe alikuwa ananiona." Nami nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonifikisha hapa. Tangu siku hiyo wimbo ule ndio mlio wa simu yake. Anaacha simu iite mpaka wageni wausikie vizuri ndipo apokee. Majirani wamekoma kumpa pole, sasa wanampa hongera. Mwanamke ambaye tulimwogopea kwamba atakufuata ameshona gauni jipya.

Basi ningekoma hapo. Sikukoma. Nikatoa wa pili, wa kijana wa boda anayempeleka mchumba wake wa zamani kanisani kuolewa. Nikatoa wa tatu, wa koti la askari ambaye hakurudi kutoka vitani. Halafu nikatoa wa nne, na huu ndio ulionivua nguo.

Unakumbuka kanuni yako. Nilipokuletea nyimbo zangu za mwanzo, za mapenzi yanayoelea hewani, ulinikatiza hata kabla ya kiitikio. "Akello, hii wimbo haina nyumba. Italala wapi?" Kwako wewe kantri bila mahali si kantri; lazima kuwe na kilima, na barabara, na duka la mtu fulani, msikilizaji aweze kwenda pale na kupaona. Basi wimbo wa nne niliupa nyumba. Niliutunga kuhusu Odong wangu, dereva wa lori la Juba, anayekuja na kuondoka. Nikamweka yeye ndiye anayeimba. Anapanda njia ya nyuma ya makaburi ya wafalme pale kwetu, anamkuta mwanamke amekaa barazani anakaanga karanga, anakula karanga za moto kutoka kiganjani mwake, kisha anasema mwili ndio unaorudi nyumbani, moyo unabaki Kasubi. Nilikuwa nawaza lori, na mama yake kule Gulu. Nilijisifu kwamba hapa Mzee angekuna kidevu na kukubali.

Mzee, sikufikiri! Wimbo ulitoka kwa jina lako. Jina la mwanamume mwenye mke Makindye, ambaye kila Alhamisi, mbele ya macho ya watu, alikuwa anapanda boda kwenda Kasubi kufanya kazi na mwanafunzi wake. Mtunzi mzima mimi, nimesahau kwamba katika kantri mtu akisikia "mimi" anaamini kila neno. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe Mzee alikuwa na mutu yake Kasubi!" Akafungua simu, watu wakapiga kutoka kila upande kubahatisha ni nani. Mmoja aliapa kwamba amewahi kununua karanga hizo.

Mama Zainabu aliacha kupokea simu zangu. Nilipokwenda sokoni Makindye, wanawake wa ndizi walinyamaza nikipita kisha wakaendelea. Nikafika kwenu. Hakuniita mwanangu. Alinipa kiti cha wageni, kile chenye kitambaa, akabaki amesimama. "Mutu ya Kasubi ni nani?" akaniuliza. "Niambie tu. Mimi siko mutoto." Na wakati wote ananitazama mimi, kwa kuwa Kasubi nzima mtu anayemjua ni mmoja.

Nilisimama nikasema nitarudi. Nilikimbia, Mzee. Nilitoka kwenye nyumba ambayo nimekula humo tangu nikiwa sina hata gitaa langu, nikakimbia kama mwizi wa kuku.

Huelewi kwa nini nilikimbia? Ingekuwa rahisi kusema wimbo wa Kasubi si wa Mzee, ni wangu. Lakini nikisema hivyo, swali linalofuata ni moja. Na ule wa sindano? Nikikusafisha wewe, namnyang'anya yeye. Nikimwachia wake, unabaki mzinzi na mimi hawara, na kaburi lako halijaota hata nyasi vizuri. Siku zile sikuweza kula. Nilizima redio. Jirani aliniimbia kiitikio kwa utani dirishani nikamfokea mpaka mtoto wake akalia.

Na katikati ya aibu hiyo nikaanza kukukasirikia. Nisamehe, lakini acha niseme. Nilikaa nikajaribu kukumbuka kama uliwahi kumtungia mkeo wimbo hata mmoja. Ulimtungia mke wa fundi cherehani wa Katwe. Ulitunga wa mjane wa sajini, wa bibi harusi usiyemjua, na wa wasichana wa Kato wote, mmoja baada ya mwingine. Siku moja nilikuuliza, na wa Mama Zainabu? Ukasema, "Yeye ananijua, nimwimbie nini?" Nikacheka, kwa sababu ulikuwa mwalimu wangu na mimi nilikuwa nacheka kila ulichosema. Naona aibu kwa kicheko kile kuliko ninavyoona aibu kwa mambo mengine.

Jumamosi nikarudi. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Nilikaa chini karibu naye bila kukaribishwa nikamwambia wimbo wa Kasubi ni wangu, nimeutunga mimi, na mwanamume mwenyewe ni Odong. Hakuamini. "Unamufunika," alisema, bila kuinua macho. Basi nikampigia Odong palepale nikaweka spika. Alikuwa njiani anabadilisha tairi. Nikamwuliza, ule wimbo wa karanga unamhusu nani? Akajibu kwa hasira ya mtu aliyeshika jeki, "Si mimi? Na zenyewe uliunguza!"

Mama Zainabu alicheka. Unakijua kicheko chake kile kidogo, na unajua kinachofuata. Alinisema, Mzee. Alinisema kwa Kiswahili, akahamia Kinubi, akarudi kwa Kiswahili ili nisikose kitu. Kwamba nimemfanya marehemu mwongo. Kwamba maiti haina mdomo wa kujitetea. Kwamba amelala siku ngapi akikulaani, akaomba toba, akakulaani tena, kumbe ni karanga zangu. Nilistahili kila neno na sikujifuta machozi.

Alipochoka akauliza, "Na ile ya boda?" Nikasema ni yangu. "Ya koti?" Yangu, Mama. Mikono yake ikatulia ndani ya mchele. Nilimngoja aulize wa mwisho, hakuuliza. Simu yake ilikuwa pale mkekani kati yetu, naye akaivuta taratibu akaiweka upande wake.

Nilikwenda pale kuacha uongo, Mzee. Naapa ndicho nilichokwenda kufanya. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Lakini ule wako ni wake. Alinifundisha mwenyewe, Alhamisi moja, alikuwa anaona haya kukuimbia." Nikaendelea, nikaongeza ulivaa nini siku hiyo, ulikohoa wapi, ulirudia ubeti gani, jinsi nilivyojifunza kwako kupamba. Akainua mkono. "Wacha hapo." Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa. "Hiyo moja usiguse," akasema.

Sijui kama aliniamini. Baadaye alinipa chai, akaniita mwanangu, na hatukuzungumza tena habari hiyo.

Kato nimemwambia ukweli wa zile nyingine tatu. Alivaa kofia yake akatoka nje, na hajanipigia mpaka leo. Jumapili iliyopita nilikwenda mwenyewe redioni, nikasema kwa sauti yangu kwamba wimbo wa Kasubi ni wa Akello na Mzee Ramadhani hana mtu Kasubi. Watu walipiga simu kunitukana. Waliokuwa wanausifu wimbo wakasema sasa wanausikia mbaya. Ni sawa, nitaanza chini, nitaimba sehemu ambazo hakuna anayenijua.

Lakini wa mke wako nimekuachia. Ndio mzuri kuliko vyote nilivyotunga, na nadhani hata nikiishi miaka mingi sitapata mwingine kama huo, na siku nikiusikia mahali nitanyamaza kama mtu mwingine yeyote. Sikuupi kwa moyo mweupe, usinielewe vibaya. Naumia kila ukipigwa. Aibu ya kutumia jina lako ni yangu na nimeibeba. Hii nyingine, ya mwanamke aliyeishi nawe maisha yote akaonwa na msichana aliyekuja kuosha vyombo, hiyo siwezi kukubebea.

Kwaheri, Mzee wangu. Ulinifundisha kazi, na nilikupenda, bado nakupenda. Nakuahidi sitakutungia tena, na nakuahidi Mama Zainabu hatasikia kitu kutoka kwangu mpaka naye aje huko. Akifika atakushukuru kwa wimbo wake. Upokee shukrani, inamisha kichwa, na usiseme neno.

Mwanafunzi wako,
Akello